Kufanya kazi huku maombi yanasubiri majibu: Uingereza, Kanada au Marekani?

Mtoto wa kaka yangu yuko Tanga. Amemaliza shahada ya kwanza ya uhasibu na ana barua tatu za kukubaliwa kusoma shahada ya pili: moja ya Uingereza, moja ya Kanada, moja ya Marekani. Aliniandikia usiku: "Shikamoo shangazi. Nisaidie, niende wapi?" Alitegemea nimweleze ada, baridi na bei ya chumba. Nilimjibu kwa swali ambalo mimi hakuna aliyeniuliza nilipokuwa naondoka: siku viza yako itakapofika mwisho na maombi mapya yako mezani kwa afisa, utaendelea kwenda kazini au utakaa nyumbani unatazama simu?

Siku hiyo humfika karibu kila aliye ughaibuni. Humfika muuguzi, mbeba maboksi ghalani, mwanafunzi aliyetoka kuhitimu, aliyeolewa na raia, na aliyejilipua, yaani aliyeomba hifadhi. Kodi ya nyumba haisubiri afisa amalize likizo, na walioko nyumbani nao wana ada za shule za kulipa. Kwa hiyo nimeamua kuziweka nchi hizi tatu pamoja, kwa jambo hilo moja tu. Nazijua kupitia damu yangu: mimi niko Uingereza, binamu yangu yuko Kanada, na wifi yangu, Mkenya wa Mombasa aliyeolewa na kaka yangu mwingine, yuko Marekani. Mimi si wakili. Sheria hizi hubadilishwa, Marekani hasa, wakati mwingine bila hata wiki moja ya kujiandaa. Kabla hujaacha kazi au kuanza kazi kwa kutegemea maneno yangu, fungua ukurasa wa serikali siku hiyo hiyo, na kama fedha inaruhusu muone wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Mtu wa kijiweni anayesema "mbona mimi nilifanya" muache aongee.

Ruhusa inayorefuka, na ruhusa inayosubiri kadi

Ukizisoma sheria za nchi hizi utaona ruhusa ya kazi wakati wa kusubiri ni ya namna mbili. Ya kwanza hurefuka yenyewe: ulikuwa na ruhusa, umeomba kuongezewa kabla haijaisha, basi sheria inaivuta ile ya zamani mpaka ujibiwe. Hakuna kadi mpya, na huhitaji. Ya pili huzaliwa upya: hukuwa nayo, au ulikuwa nayo ikafa kwa tarehe, na mpaka serikali ikutengenezee nyingine huna kitu, hata kama maombi yako ni safi na ada umelipa.

Watu wengi wanaoingia matatani hawakudharau sheria. Wako kwenye ruhusa ya pili wakidhani wako kwenye ya kwanza. Wengine wako kwenye ya kwanza, na mwajiri anawatendea kana kwamba wako kwenye ya pili. Hilo la mwisho lilinipata mimi.

| | Uingereza | Kanada | Marekani |
|---|---|---|---|
| Umeomba kuongeza kabla ya tarehe | Unaendelea na masharti ya zamani mpaka uamuzi | Unaendelea na masharti ya zamani mpaka uamuzi | Viza za kazi H-1B, L-1, O-1: hadi siku 240 kwa mwajiri yule yule. Kadi ya EAD (kadi ya ruhusa ya kazi): ikiisha, wengi husimama |
| Umechelewa | Hakuna kazi | Hakuna kazi | Hakuna kazi |
| Mwomba hifadhi | Baada ya miezi 12, kwa kazi chache | Baada ya vipimo vya afya, karibu kazi yoyote | Siku 150 kuomba, 180 kustahili |
| Ukitoka nje ya nchi ukisubiri | Maombi yanahesabiwa umeyaondoa | Ruhusa ya kazi inakatika | Ombi la grin kadi hupotea bila idhini ya kurudi |

Uingereza: kifungu cha 3C

Mwaka 2023 kadi yangu ya ukazi ilikuwa inaisha Ijumaa. Maombi ya kuongeza nilikuwa nimeyatuma wiki tatu kabla, ada imelipwa, alama za vidole zimechukuliwa. Jumatatu yake meneja wa nyumba ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi akaniita ofisini. Akaishika kadi, akaigeuza, akaweka ukucha juu ya tarehe. "Imeisha," akasema, "rudi nyumbani mpaka ulete mpya." Nilikaa siku 11 bila mshahara. Nilikuwa na mzee mmoja wa chumba cha 6 ambaye hakubali kuogeshwa na mtu mwingine, na nilipolala usiku nilikuwa nikimuwaza yeye kuliko hata hela.

Meneja alikuwa amekosea. Kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba aliyeomba kuongezewa kabla ruhusa yake haijaisha, ruhusa hiyo inaendelea mpaka uamuzi utoke. Ukikataliwa na una haki ya rufaa au ya kuomba uamuzi upitiwe upya, inaendelea pia katika muda huo. Masharti ni yale yale. Aliyekuwa anafanya kazi kwa mwajiri fulani anabaki kwa mwajiri huyo, na mwanafunzi aliyewekewa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula anabaki na saa zake 20.

Namwelewa kwa nini aliogopa. Faini ya kumwajiri mtu asiye na ruhusa wakati ule ilikuwa inafika pauni 20,000 kwa kila mfanyakazi. Tangu Februari 2024 ni hadi pauni 45,000 kwa kosa la kwanza na 60,000 kwa anayerudia. Lakini serikali imempa mwajiri njia ya kujikinga, na hiyo ndiyo nilipaswa kuijua mapema: Employer Checking Service ya Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji. Mwajiri anajaza fomu mtandaoni, anajibiwa ndani ya siku tano za kazi, na jibu likiwa zuri anapewa ilani inayomkinga kwa miezi 6. Bila malipo. Nilipoipata habari hiyo kwa mwenzangu Mganda wa zamu ya usiku, nilichapisha ukurasa wenyewe nikampelekea meneja mkononi.

Siku hizi kadi za plastiki zimeondoka, kuna eviza, viza ya mtandaoni, na mwajiri anakagua kwa msimbo unaoanza na herufi W. Tatizo halijaondoka na plastiki. Kwa anayesubiri majibu, ukurasa mara nyingi hauonyeshi kile mwajiri anachotaka kukiona, na safari inarudi kwenye huduma ile ile. Mwambie mwajiri wako mwezi mzima kabla ya tarehe, ukiwa na uthibitisho wa kutuma maombi mkononi. Usisubiri akuite yeye.

Mtego wa Uingereza ni siku 14. Utasikia watu wanasema, "Ukichelewa una siku 14, usihofu." Kanuni hiyo ipo, ila inachoweza kuokoa ni maombi yako, tena kwa sababu nzito. Kazi haiokoi. Aliyetuma maombi siku moja baada ya tarehe hana 3C, na akiingia zamu kesho yake anafanya kosa la jinai.

Kanada: ni ile ile, yenye jina jingine

Kanada inaita hadhi inayodumishwa, na zamani waliiita kwa jina jingine ambalo bado utalisikia kwa wazee wa Toronto. Imo kwenye kifungu cha 186(u) cha kanuni zao za uhamiaji. Uliomba kuongeza kibali cha kazi kabla hakijaisha, umebaki ndani ya Kanada, umeendelea kufuata masharti ya kibali cha zamani: endelea kufanya kazi. IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, hutoa barua ya kumwonyesha mwajiri, na binamu yangu anasema hiyo barua aliitembeza mfukoni kama cheti cha ndoa.

Aliihitaji. Namba ya hifadhi ya jamii ya Kanada kwa mgeni wa muda huanza na 9, nayo ina tarehe ya mwisho inayofuata kibali. Kwa hiyo aliye kwenye ofisi ya mishahara anaona tarehe mbili zimepita, ya kibali na ya namba, na anashtuka mara mbili. Barua ile ndiyo inayomtuliza.

Mtego wa Kanada unafanana na wa Uingereza kama mapacha. Ukipitwa na tarehe una siku 90 za kuomba kurejeshewa hadhi, na katika siku hizo hufanyi kazi hata saa moja. Watu husikia siku 90 wakadhani ni siku za nyongeza.

Marekani: inategemea karatasi yako inaitwaje

Hapa ndipo mambo hutofautiana, na hapa ndipo nitakaa zaidi, maana ndugu zetu wengi wako huko na mabadiliko ya karibuni yamewaumiza.

Aliye na viza ya kazi kama H-1B, ambaye mwajiri wake amemwombea nyongeza kabla ya tarehe, anaruhusiwa kuendelea kwa mwajiri huyo huyo hadi siku 240 huku maombi yakisubiri. Si mpaka uamuzi utoke kama Uingereza. Siku ya 241 anasimama.

Wengine wote wanaoishi kwa kadi ya EAD, ile yenye picha na herufi kama C09 kwa anayesubiri grin kadi au C08 kwa anayesubiri hifadhi, ni watu wa ruhusa ya pili. Mara ya kwanza hawana kitu mpaka kadi itoke. Mara ya kuhuisha, kwa miaka kadhaa kulikuwa na huruma: ukiomba mapema, kadi ya zamani ilirefushwa yenyewe kwa siku 180, kisha ikawa siku 540. Huruma hiyo iliondolewa. Kwa maombi ya kuhuisha yaliyotumwa tangu tarehe 30 Oktoba 2025, makundi mengi hayapati tena nyongeza ya moja kwa moja. Kadi ikifika tarehe, unaacha kazi mpaka mpya ifike. Kisha Desemba 2025 kadi mpya za waombaji wa grin kadi na wa hifadhi zikapunguzwa muda kutoka hadi miaka 5 zikawa za miezi 18, kwa hiyo siku hiyo ya hatari inarudi upesi zaidi.

Wifi yangu alikuwa na kadi ya C09. Ilikuwa inaisha Februari 2026. Alituma maombi ya kuhuisha katikati ya Novemba akijua ana siku zake 540, kama alivyoambiwa na kila mtu msikitini. Alikuwa amechelewa wiki mbili kuikuta sheria ya zamani. Februari mwajiri wake akamsimamisha kazi kwa heshima kabisa, akamwambia nafasi yake ataitunza akiweza. Kaka sasa anabeba nyumba peke yake. Angeweza kutuma hadi siku 180 kabla ya tarehe, yaani tangu Agosti. Kama una EAD, chukua kalamu sasa hivi, rudi nyuma siku 180 kutoka tarehe iliyo kwenye kadi yako, na siku hiyo uwe na fomu I-765, ya kuombea kadi hiyo, tayari.

Na kuna la Warundi na Watanzania, nalisema kwa uchungu. Desemba 2025 USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ilisimamisha kutoa maamuzi kwa maombi ya raia wa nchi zilizokuwa kwenye orodha ya vikwazo vya kuingia, Burundi ikiwamo. Mwezi huo huo orodha ikaongezwa na Tanzania ikaingia, na Januari 2026 usimamishaji ukapanuliwa kufuata orodha mpya. Mwenye pasipoti ya nchi hizo anayesubiri kadi asipange maisha kwa kutazama muda ambao Mkenya mwenzake alingoja. Hili ni la wakili, tena mapema.

Sasa neno kwa Wakongo, na kwa Warundi waliokuja kwa mpango wa ukimbizi kutoka kambi kama Nyarugusu kule Kigoma. Ninyi si waombaji. Aliyeingia Marekani akiwa mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi kwa sababu ya hadhi yake, na vivyo hivyo aliyekwisha kupewa hifadhi. EAD kwake ni ushahidi tu. Ikiisha, haki yake haijaisha. Leseni yake ya udereva pamoja na kadi ya Social Security isiyo na maandishi ya vizuizi zinatosha kwa fomu I-9, ile ya kuthibitisha ruhusa ya kazi unapoajiriwa, na mwajiri hana ruhusa ya kuchagua hati gani umletee ilhali zilizoko kwenye orodha umeleta. Nimesikia zaidi ya mama mmoja aliyeachishwa kazi ya kuku kiwandani kwa kukosa EAD ambayo hakuihitaji.

Hiyo fomu I-9 iangalieni kwa karibu. Ina visanduku vinne: raia, mzawa asiye raia, mkazi wa kudumu, na mgeni aliyeruhusiwa kufanya kazi. Anayesubiri akiwa na kadi yake anaweka alama kwenye cha nne na kuandika tarehe ya mwisho ya kadi. Siku hizi ghala nyingi zinajaza kwa kishikwambi, kijana wa ofisi anabonyeza haraka haraka huku foleni iko nyuma yako, na kisanduku cha kwanza ndicho kilicho juu. Ukiwekewa alama ya uraia nawe ukatia sahihi, umedai uraia wa uongo. Tangu sheria ya mwaka 1996 kosa hilo hufunga mlango wa grin kadi maisha, na hata mume au mke raia hawezi kukuombea msamaha wake. Mwambie kijana asubiri, usome kwa macho yako, na kama Kiingereza kinakusumbua nenda na mtu.

Ukitaka kubadili mwajiri

Hapa Marekani inawashinda wenzake. Mwenye H-1B halali anaweza kuanza kwa mwajiri mpya mara maombi ya mwajiri huyo yanapopokelewa, bila kungoja yakubaliwe. Uingereza, mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi anaomba upya na anasubiri kuidhinishwa ndipo aanze. Kanada, mwenye kibali cha mwajiri mmoja anahitaji kibali kingine au idhini maalumu ya IRCC kwanza. Mwenye kibali huria, kisichomfunga kwa mwajiri mmoja, hana shida hiyo.

Aliyetoka chuoni

Hili ndilo la mpwa wangu.

Uingereza, ukimaliza na chuo kikaripoti kwamba umemaliza, unaomba viza ya wahitimu kabla ya ile ya mwanafunzi kuisha. Maombi yakishatumwa unaweza kuanza hata ajira ya kudumu ya siku nzima huku ukisubiri. Viza yenyewe ni ya miaka 2, na kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 itakuwa miezi 18.

Kanada, una siku 180 tangu chuo kithibitishe umemaliza, lakini tuma ukiwa bado na kibali cha kusoma kilicho hai, kwa sababu hicho ndicho kinachokupa ruhusa ya kufanya kazi siku nzima ukisubiri. Ada ni dola 255 za Kanada. Na kwa wenye shahada ya pili kuna neema: tangu Februari 2024 hupata kibali cha miaka 3 hata kama kozi ilikuwa ya chini ya miaka 2, mradi ilifika angalau miezi 8 na chuo kiko kwenye orodha. Kibali hicho ni huria, unafanya kazi popote. Baadaye ukiomba ukazi wa kudumu kwa njia za kiuchumi kuna kibali cha daraja, cha kukuvusha huku ombi hilo likisubiri.

Marekani, mhitimu anaomba OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza hadi siku 60 baada yake, na haanzi kazi mpaka kadi iwe mkononi na tarehe iliyoandikwa iwe imefika. Kadi ikichelewa, anakula akiba. OPT ni miezi 12. Wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongezewa miezi 24, na wao wakiomba nyongeza hiyo kwa wakati wanaendelea na kazi hadi siku 180 wakisubiri. Uhasibu wa kawaida haumo kwenye orodha hiyo. Mpwa wangu hakujua, na barua ya chuo haikumwambia.

Mume au mke

Marekani, aliyeolewa na raia na akaruhusiwa kuomba grin kadi akiwa ndani ya nchi hutuma fomu I-485 pamoja na I-765, na kwa waombaji wa tangu Aprili 2024 ada zake ni dola 1,440 na 260. Kisha anasubiri EAD. Kanada, aliyedhaminiwa akiwa ndani ya nchi anaweza kuomba kibali huria akishapokelewa ombi. Uingereza anayehama kutoka viza ya masomo au kazi kwenda ya ndoa hubeba masharti ya zamani mpaka ajibiwe. Aliyeingia kwa matembezi hawezi kuhamia ndoa bila kutoka nje, na kazi haruhusiwi hata kidogo.

Waomba hifadhi

Kwa hili tofauti ni kubwa mno. Kanada, mtu anayeomba hifadhi anaweka ombi la kibali cha kazi ndani ya maombi yenyewe, anapimwa afya, na kibali huria hutolewa bila ada. Marekani anahesabiwa siku: 150 tangu ombi lipokelewe ndipo aombe EAD, na 180 ndipo astahili kupewa. Saa hiyo husimama kila mwombaji anapochelewesha mwenyewe, kwa mfano akiomba kesi iahirishwe ili atafute wakili. Tangu Julai 2025 kadi ya kwanza imewekewa ada ya angalau dola 550, kwa mtu ambaye hajaruhusiwa kupata hata senti moja. Uingereza anasubiri miezi 12, na ucheleweshaji usiwe wake, ndipo aombe ruhusa, nayo si ya kazi yoyote. Nimekaa na wanaume wa Goma na Bukavu, mafundi wa magari, waliokaa hotelini mwaka na nusu mikono ikiwasha kwa kutaka kazi.

Nasema haya kwa mwenye hofu ya kweli anayetafuta pa kukimbilia. Kujilipua kwa hadithi ya kukodi ili upate kibali cha kazi ni kuweka jina lako kwenye faili litakalokusubiri maisha yote.

Na aliyeko Marekani anayefikiria kukatiza kwenda Kanada kwa sababu kazi hupatikana upesi: tangu tarehe 25 Machi 2023 mapatano ya nchi hizo mbili yanashika mpaka wote wa nchi kavu. Anayevuka akitokea Marekani hurudishwa, labda awe na jamaa wa karibu Kanada au aingie katika hali chache zinazosamehewa.

Msiba

Kuna jambo fomu hazikuulizi. Mama yake wifi yangu alifariki Mombasa wakati I-485 yake iko mezani. Pwani hatulazi maiti. Alizikwa alasiri ile ile, kwa hiyo mazishi asingeyawahi hata angeruka saa hiyo. Alichotaka ni kukaa na dada zake matangani mpaka khitma. Hakuwa na idhini ya kurudi, ile inayoombwa kwa fomu I-131, na anayesubiri grin kadi kama yeye akitoka bila idhini hiyo anahesabiwa ameliacha ombi. Kwa dharura kama msiba ofisi za USCIS hupokea maombi ya idhini ya haraka kwa miadi. Yeye alikuja kuambiwa hivyo siku ya tisa. Alisoma Yasini kwenye simu, spika imewashwa, dada zake upande wa pili wakiitikia.

Ingekuwa Uingereza, angetoka nje na maombi yake yangehesabiwa ameyaondoa siku hiyo hiyo, na 3C kufa nayo. Kanada asingezuiwa kusafiri, ila akirudi, kama anaweza kurudi, kazi ingemsubiri mpaka kibali kitoke, maana sheria inadai awe amebaki ndani. Mwenye mgonjwa nyumbani aliye Uingereza, naye anaweza kukopa, alipie huduma ya haraka wakati wa kutuma maombi. Pauni 500 huleta uamuzi ndani ya siku tano za kazi, 1,000 huleta kesho yake ya kazi. Ni fedha nyingi. Mimi nilikopa kwenye kikoba mwaka huu na sijutii.

Ningechagua nini

Kwa mhitimu wa uhasibu, Kanada, nami nasema hivyo nikiwa Uingereza. Kazi haikatiki kati ya kibali cha kusoma na cha kazi, na miaka 3 inatosha kujipanga kwa ukazi wa kudumu. Uingereza ni ya pili: kusubiri kwake ni kwepesi, lakini muda wa viza ya wahitimu unafupishwa. Marekani ningemshauri kama angekuwa anasoma takwimu au uhandisi, kama angekuwa na akiba ya miezi minne isiyoguswa, na kama Tanzania isingekuwa kwenye orodha ile ya vikwazo.

Kwa mfanyakazi mwenye ujuzi anayetaka uhuru wa kuhama mwajiri, jibu langu lingegeuka, ningeitazama Marekani na H-1B. Kwa aliyeolewa hakuna cha kuchagua, anakoishi mwenzake ndiko kwake. Anachoweza ni kutuma I-765 na I-131 siku moja na I-485, na kuhuisha siku 180 kabla.

Mpwa wangu ameomba wiki moja ya kufikiri. Jana ameniuliza kama chuo chake cha Kanada kimo kwenye orodha ya wanaopewa kibali cha wahitimu, na nimemtuma akakitafute mwenyewe kwa namba yake kwenye tovuti ya serikali, asitegemee tangazo la chuo. Wifi yangu naye amefungua akaunti yake ya USCIS leo asubuhi kabla ya kuswali. Bado imeandika neno lile lile la Novemba: yamepokelewa.